James Forten: kijana mweusi aliyekataa kuisaliti Marekani, na nchi iliyomnyima kura baadaye

Tarehe 4 mwezi wa tatu mwaka wa 1842, mzee mmoja wa miaka 75 alifariki dunia nyumbani kwake katika mji wa Philadelphia, huko Marekani. Siku ya mazishi, maelfu ya watu walifuata jeneza lake barabarani. Walikuwemo weusi na weupe, matajiri wa bandarini pamoja na vibarua, manahodha wa meli pamoja na wanawake waliofua nguo za watu. Kwa wakati ule, watu wa rangi mbili kutembea pamoja nyuma ya jeneza la mtu mweusi lilikuwa jambo geni kabisa.

Mzee huyo aliitwa James Forten. Akiwa kijana alipigana vita ya uhuru wa Marekani, akafungwa na Waingereza, akakataa nafasi nzuri iliyomtaka aikane nchi yake. Akiwa mtu mzima alikuwa mmoja wa watu weusi matajiri zaidi wa Marekani, kwa kazi ya kushona matanga ya meli. Na akiwa mzee aliona nchi hiyo hiyo ikiandika kwenye sheria kwamba mtu kama yeye hana haki ya kupiga kura.

Maisha yake yanauliza swali ambalo watu wengi wamejiuliza mahali pengi: mtu afanye nini anapoipenda nchi ambayo haimpendi?

Mtoto wa fundi

James Forten alizaliwa tarehe 2 mwezi wa tisa mwaka wa 1766 mjini Philadelphia. Wakati huo Marekani haikuwa nchi. Ilikuwa makoloni 13 chini ya mfalme wa Uingereza. Baba wa babu yake alikuwa amechukuliwa Afrika na kuletwa huko kama mtumwa. Babu yake alijikomboa. Baba yake, Thomas Forten, alizaliwa huru, na James vilevile. Katika Pennsylvania ya wakati huo kulikuwa bado na watumwa wengi, kwa hiyo kuzaliwa huru ilikuwa bahati kubwa. Hata hivyo haikuwa ulinzi kamili: mtu mweusi aliye huru aliweza kukamatwa na wezi wa watu na kuuzwa mbali.

Thomas alikuwa fundi wa matanga ya meli. Hapa tanga si msiba, ni kile kitambaa kikubwa ambacho meli hufunga kwenye mlingoti ili kushika upepo. Meli za wakati ule hazikuwa na moteri, na bila matanga hakuna meli iliyotoka bandarini. Thomas alifanya kazi kwa Mzungu mmoja aliyeitwa Robert Bridges, na mara kwa mara alimchukua mtoto wake kazini. Huko mtoto alianza kujua harufu ya nta, sindano nzito za fundi, na namna ya kukunja kitambaa kigumu.

Baba alikufa James akiwa na miaka saba hivi. Mama yake, Margaret, alihangaika ili mtoto asome. James aliingia katika shule ya watoto weusi iliyosimamiwa na Anthony Benezet, mwalimu wa dhehebu la Wakweka aliyepinga utumwa. Alijifunza kusoma, kuandika na kupiga hesabu. Alipofika miaka tisa, ilibidi aache shule na kufanya kazi dukani ili kumsaidia mama. Elimu yake ya darasani iliishia hapo, lakini mkono wake wa kuandika ungekuja kusumbua wakubwa miaka mingi baadaye.

Mwaka wa 1776, akiwa karibu kutimiza miaka kumi, alikuwa kati ya watu waliosikia Tangazo la Uhuru likisomwa kwa sauti mbele ya umati mjini Philadelphia. Maneno kwamba watu wote wameumbwa sawa yalimwingia kichwani. Hakuyasahau, na hakukubali kamwe kwamba yalikuwa ya Wazungu peke yao.

Kwenye meli ya vita akiwa na miaka 14

Vita kati ya makoloni na Uingereza ilichukua miaka mingi. Waingereza waliukalia mji wa Philadelphia kuanzia mwezi wa tisa mwaka wa 1777 hadi mwezi wa sita mwaka wa 1778, na familia ya Forten iliishi humo chini ya jeshi la kigeni. Mwaka wa 1780 bunge la Pennsylvania lilipitisha sheria ya kufuta utumwa polepole. Kwa kijana mweusi kama James, sheria hiyo ilikuwa dalili kwamba vita hii ingeweza kuleta kitu cha kweli.

Mwaka wa 1781 aliomba ruhusa ya mama yake aende vitani baharini. Mama alisita sana, mwishowe akakubali. Kijana hakuwa bado na miaka 15. Leo mtu wa umri huo angeitwa mtoto askari. Wakati huo wavulana wa namna hiyo walikuwa kwenye kila meli ya vita.

Meli yake iliitwa Royal Louis, na nahodha wake alikuwa Stephen Decatur, baba wa yule Decatur aliyekuja kuwa shujaa wa jeshi la majini la Marekani. Haikuwa meli ya jeshi. Ilikuwa ya watu binafsi waliopewa kibali cha kuwinda meli za adui; walipokamata meli, waliiuza pamoja na mzigo wake na kugawana pesa. Kati ya watu kama 200 waliokuwa ndani, 20 hivi walikuwa weusi.

Kazi ya James ilikuwa kubeba baruti. Mizinga ilipoanza kulia, alikimbia kutoka chini ya meli, mahali baruti ilipofichwa, hadi juu kwenye mizinga, kisha kurudi tena, huku mbao zikipasuka na watu wakianguka. Cheche moja ingetosha kumuua yeye na wenzake. Katika safari ya kwanza, Royal Louis ilipambana vikali na meli ya Waingereza iliyoitwa Active na kuiteka. Ilisimuliwa baadaye kwamba kwenye mzinga aliokuwa akiuhudumia, yeye peke yake ndiye aliyebaki hai.

Katikati ya safari zake mbili aliona jambo lingine alilolikumbuka hadi uzeeni. Mwezi wa tisa mwaka huo jeshi la George Washington lilipita Philadelphia likielekea Yorktown, na kati ya askari walikuwemo weusi wengi wa kikosi cha Rhode Island. Aliwaona wakipita mbele yake na silaha zao. Miaka 50 baadaye, watu walipodai kwamba weusi hawakuwa na mchango katika kuzaliwa kwa Marekani, yeye alijua alichokiona kwa macho yake.

Gololi zilizomwokoa

Safari ya pili haikudumu. Mwezi wa kumi mwaka wa 1781, Royal Louis ilifukuzwa na meli za vita za Waingereza, ikakamatwa na meli iliyoitwa Amphion. James alijawa na hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu: mateka weupe walipelekwa gerezani, lakini mateka weusi mara nyingi walipelekwa kwenye visiwa vya Karibi na kuuzwa kama watumwa. Kijana aliyezaliwa huru angeweza kumaliza maisha yake katika shamba la miwa.

Kilichomwokoa ni mchezo wa watoto. Nahodha wa Amphion, John Bazely, alikuwa na wanawe wawili ndani ya meli. Mmoja wao, Henry, alikuwa wa rika la James, na nahodha alimchagua mateka huyo awe mwenzake. Siku moja walicheza gololi, na James alionyesha ufundi mkubwa wa kuzilenga na kuzirusha. Urafiki ukaanza. Nahodha naye akaona kwamba huyu si kijana wa kawaida.

Basi Bazely akampa nafasi ambayo wengine wangeiota usiku na mchana: aende Uingereza pamoja na Henry, alelewe na kusomeshwa kwa gharama ya familia hiyo. Sharti lilikuwa moja, aachane na nchi ya Wamarekani. James alikataa. Alimweleza nahodha kwamba alikamatwa akipigania uhuru wa nchi yake, na kwamba hatakuwa msaliti.

Uamuzi huo unastahili kutazamwa vizuri. Nchi aliyoisema kuwa yake ilikuwa bado inauza na kununua watu wa rangi yake. Mlango wa kulia ulikuwa shule na nyumba ya tajiri. Mlango wa kushoto ulikuwa gereza. Kijana wa miaka 15 alichagua gereza.

Nahodha hakukasirika. Alimwandikia mkubwa wa gereza barua ya kumwombea kijana huyo asisahaulike, na awekwe kwenye orodha ya mateka wa kubadilishana. Hivyo James hakupelekwa Karibi.

Miezi saba ndani ya Jersey

Gereza lenyewe lilikuwa meli kuukuu iliyoitwa Jersey, iliyofungwa kwa minyororo katika ghuba ya Wallabout, karibu na Brooklyn, New York. Milingoti ilikuwa imeng'olewa na madirisha yamezibwa. Ndani yake walisongamana watu karibu 1,000 kwa wakati mmoja. Chakula kilikuwa kibovu, maji machafu, na homa pamoja na kuhara viliua watu kila usiku. Asubuhi walinzi waliwaamuru mateka wawatoe maiti wao, na waliozikwa walizikwa kwa haraka mchangani, kando ya maji. Inakadiriwa kwamba zaidi ya watu 11,000 walikufa katika meli za gereza za ghuba hiyo wakati wa vita. Idadi hiyo inapita ya Wamarekani waliouawa kwenye mapigano yote ya vita ile. Leo kuna mnara wa kuwakumbuka mjini Brooklyn.

James alikaa humo miezi saba. Alipata nafasi moja ya kutoroka. Ofisa mmoja wa Kimarekani alikuwa anaachiliwa kwa kubadilishana na mateka wa upande wa pili, na sanduku lake kubwa la nguo lingeteremshwa naye. James angeweza kujificha ndani. Lakini kwenye meli hiyo alikuwa na rafiki, kijana mweupe aliyeitwa Daniel Brewton, mdogo kuliko yeye na aliyekuwa anadhoofika kwa ugonjwa. James alimpa Brewton nafasi hiyo. Yeye mwenyewe alisaidia kubeba sanduku hadi kwenye mtumbwi, huku rafiki yake akiwa ndani, kisha akarudi chini gizani. Brewton alipona, na urafiki wao ulidumu hadi kifo.

Mwaka wa 1782 zamu ya James ilifika, akaachiliwa. Alirudi nyumbani kwa miguu kutoka New York hadi Philadelphia, karibu kilometa 150, sehemu kubwa ya njia bila viatu. Mama yake alikuwa amekwisha kukata tamaa ya kumwona tena.

Baadaye, maveterani wengi wa vita hiyo walidai pensheni. Forten hakuchukua kitu. Alipoulizwa, alieleza kwamba alikwenda vitani kwa kujitolea.

Kutoka mwanafunzi wa kazi hadi mwenye kiwanda

Vita ilipokwisha, alifunga safari nyingine, safari hii ya amani. Mwaka wa 1784 yeye na shemeji yake, William Dunbar, walipanda meli ya biashara hadi London. Forten alikaa huko kama mwaka mmoja akifanya kazi kwenye bandari. Hapo alikuta watu wakibishana wazi kuhusu utumwa. Alirudi Philadelphia mwaka wa 1785.

Aliingia kuwa mwanafunzi wa kazi kwa Robert Bridges, yule yule mwajiri wa marehemu baba yake. Alijifunza haraka. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 20, alifanywa msimamizi wa mafundi wote. Baadhi ya waliokuwa chini yake walikuwa Wazungu waliomzidi umri.

Kazi ya matanga haikuwa ushonaji tu. Fundi alipanda kwenye meli kupima milingoti, kisha akachora umbo la tanga kwa ukubwa wake halisi kwenye sakafu pana ya ghorofa isiyo na nguzo katikati. Vipande virefu vya turubai vilikatwa, vikaunganishwa kwa mshono wa mistari miwili, na kamba nene ikashonewa kuzunguka ukingo wote ili tanga lisipasuke. Tanga lililokatwa vibaya lilipunguza mwendo wa meli na hata kuihatarisha kwenye dhoruba. Tanga lililokatwa vizuri lilimletea mwenye meli faida katika kila safari. Kwa hiyo manahodha walitafuta fundi mwenye jicho zuri, na jina la Forten lilianza kutembea bandarini.

Mwaka wa 1798 Bridges alistaafu na kumwachia Forten kiwanda. Thomas Willing, mfanyabiashara mkubwa aliyekuwa rais wa Benki ya kwanza ya Marekani, alimsaidia kwa mkopo. Wateja wa Bridges wangeweza kuondoka kwa sababu ya rangi ya mwenye kiwanda mpya. Wengi walibaki, kwa kuwa ubora haukubadilika. Mafundi nao walibaki.

Kiwanda kilikua hadi kuwa na wafanyakazi 30 na zaidi. Weusi na weupe walikaa kwenye benchi moja, wakipokea amri za mtu mmoja mweusi. Wageni waliotembelea mji walishangaa. Forten alikuwa mkali juu ya kazi: hakutaka ulevi, alitaka watu wafike kwa wakati, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kuonyesha mfano. Vijana wengi weusi walipata kwake ufundi ambao sehemu nyingine wasingefundishwa.

Pesa iliyoingia hakuiacha ikae. Alinunua nyumba na kuzikodisha, alikopesha wafanyabiashara kwa riba, alinunua hisa za benki, mifereji na reli. Kufikia miaka ya 1830, mali yake ilikadiriwa kuwa dola 100,000 hivi, utajiri mkubwa kwa mtu yeyote wa wakati huo.

Lakini kulikuwa na kazi ambayo hakuipokea. Meli zilizobeba watumwa zilihitaji matanga pia, na wenye meli hizo walilipa vizuri. Forten alikataa kuzihudumia. Katika mji wa bandari, mahali ambapo pesa ya utumwa ilipita katika mikono mingi, kukataa huko kulikuwa na gharama.

Barua dhidi ya sheria mbaya

Mwaka wa 1800, weusi huru wa Philadelphia wakiongozwa na mchungaji Absalom Jones walipeleka ombi kwenye bunge la Marekani. Walilalamikia biashara ya watumwa na sheria iliyowawezesha wezi wa watu kukamata hata walio huru. Bunge lilikataa ombi hilo kwa kura 85 dhidi ya moja. Kura hiyo moja ilipigwa na George Thatcher. Forten alimwandikia barua ya shukrani kwa niaba ya watu weusi.

Mwaka wa 1813 hatari ilifika nyumbani. Bunge la Pennsylvania lilikuwa likijadili sheria ya kuzuia weusi kuingia katika jimbo na kuwalazimisha waliokuwemo kujiandikisha. Asiyeandikishwa angeweza kufungwa, na hata kuuzwa kazi yake. Forten alichapisha barua tano bila kutaja jina lake, lakini watu wengi walijua mwandishi ni nani. Aliwakumbusha wabunge maneno ya Tangazo la Uhuru. Aliwaonyesha aibu ya tarehe 4 mwezi wa saba, sikukuu ya uhuru, ambapo mtu mweusi hakuweza kutembea mjini mchana bila kutukanwa na kupigwa, hata kama alikuwa amemwaga jasho lake kwa ajili ya uhuru huo. Sheria haikupita.

Mwaka mmoja tu baadaye mji huo ulimhitaji tena. Waingereza walikuwa wamerudi vitani, na mwezi wa nane mwaka wa 1814 walichoma moto ikulu na bunge mjini Washington. Philadelphia ikaingiwa na hofu. Forten, Absalom Jones na mchungaji Richard Allen waliwaita watu weusi wa mji. Watu kama 2,500 walijitokeza na kwenda kuchimba na kujenga ngome karibu na mto Schuylkill. Forten alikuwa na miaka 48, na tajiri, lakini alikwenda pamoja na wafanyakazi wake.

Usiku ambao watu walisema hapana

Mwishoni mwa mwaka wa 1816 wanasiasa na matajiri weupe waliunda chama cha kuwahamishia weusi huru Afrika. Wengine kati yao walisema wanataka kuwasaidia. Wengine walikuwa na watumwa, na walitaka kuondoa weusi huru wasiwe mfano kwa watumwa wao. Chama hicho ndicho kilichokuja kuanzisha Liberia.

Forten hakuwa adui wa wazo la Afrika. Rafiki yake Paul Cuffe, nahodha na mfanyabiashara mweusi, alikuwa amepeleka familia kadhaa Sierra Leone, na Forten alimuunga mkono. Aliamini biashara kati ya weusi wa pande mbili za bahari ingeweza kuwainua wote. Yeye na viongozi wenzake walikuwa tayari kusikiliza mpango mpya.

Mwezi wa kwanza mwaka wa 1817 waliita mkutano katika kanisa la Bethel, na watu karibu 3,000 walijaza jengo. Forten aliongoza mkutano. Viongozi walipouliza ni nani anaunga mkono kuhamia Afrika, hakuna sauti hata moja iliyosikika. Walipouliza ni nani anapinga, kanisa zima lilipaza sauti kama ngurumo. Watu walijua kwamba wakiondoka walio huru, ndugu zao waliobaki utumwani hawatakuwa na mtetezi. Na walijua nani alilima na kujenga nchi hiyo.

Forten angeweza kusema kwamba yeye ni mkubwa na anajua zaidi. Hakufanya hivyo. Alimwandikia Cuffe akimweleza yaliyotokea, na kuanzia siku hiyo alisimama upande wa watu wake. Kwa miaka 25 iliyobaki ya maisha yake, alikuwa mpinzani mkubwa wa chama hicho, ingawa wakubwa wake walijaribu kumvuta.

Pesa kwa ajili ya gazeti

Mwaka wa 1831 kijana mweupe maskini, William Lloyd Garrison, alianzisha mjini Boston gazeti la kupinga utumwa lililoitwa The Liberator. Hakuwa na mtaji. Forten alimtumia dola 54, malipo ya wasomaji 27, na baadaye aliendelea kumsaidia gazeti lilipokaribia kufa. Katika mwaka wa kwanza wasomaji wengi wa gazeti hilo walikuwa weusi. Kwa mazungumzo na Forten na wenzake, Garrison naye aliacha kuamini mpango wa kuwapeleka weusi Afrika.

Nyumbani kwake, barabara ya Lombard Street, mlango ulikuwa wazi kwa wanaharakati wa rangi zote. Mke wake wa kwanza, Martha, alikufa mapema. Mwaka wa 1805 alimuoa Charlotte Vandine, nao wakapata watoto tisa. Shule nyingi zilikataa watoto weusi, basi walisomeshwa na walimu wa nyumbani. Mwezi wa 12 mwaka wa 1833, Charlotte na mabinti zao Margaretta, Harriet na Sarah walikuwa kati ya wanawake walioanzisha chama cha wanawake wa Philadelphia cha kupinga utumwa, ambamo weusi na weupe walikaa pamoja.

Utajiri haukuizuia chuki. Mwaka wa 1834 magenge ya Wazungu yalishambulia mitaa ya weusi mjini, na mmoja wa wana wa Forten alipigwa barabarani. Mwaka wa 1838 wapinga utumwa walizindua jumba lao kubwa la mikutano, Pennsylvania Hall. Siku tatu baada ya kuzinduliwa lilichomwa moto na umati, na jumba lote likateketea.

Mwaka huo huo ulileta pigo lililomuumiza zaidi. Pennsylvania ilipitisha katiba mpya iliyosema kwamba wapiga kura ni wanaume weupe tu. Forten alikuwa na miaka 72. Alikuwa amelipa kodi kwa miaka 40 na kutoa ajira kwa familia nyingi, Wazungu wakiwemo. Alikuwa amebeba baruti, amelala kwenye Jersey, amejenga ngome. Mafundi weupe aliowalipa mshahara walikuwa na kura. Yeye hakuwa nayo. Mkwe wake, Robert Purvis, aliandika hati ya kupinga kwa niaba ya weusi 40,000 wa jimbo hilo. Haikusikilizwa.

Alichokiacha

Forten aliendelea kwenda kiwandani hadi afya ilipomshinda. Baada ya kifo chake, wanawe waliendesha kazi lakini haikudumu. Hali ya uchumi ilikuwa mbaya, madeni yalikuwa mengi, na wakati wa matanga wenyewe ulianza kupita, kwa kuwa meli za mvuke ziliongezeka. Mali kubwa ile ikapungua.

Kilichobaki ni watu. Robert Purvis na Harriet waliwaficha na kuwasafirisha watumwa wengi waliotoroka kutoka kusini. Mwana wake Robert, aliyepewa jina la yule mwajiri Robert Bridges, alikuwa ameishi Uingereza, lakini alirudi Marekani mwaka wa 1864 na kujiunga na jeshi lililopigana kumaliza utumwa; alikufa kwa ugonjwa mwaka huo huo. Binti wa Robert, Charlotte Forten, alikwenda Carolina Kusini mwaka wa 1862, vita ikiendelea, kuwafundisha kusoma watu waliotoka utumwani.

Mjane wake aliishi hadi mwaka wa 1884, akiwa karibu na miaka 100. Aliona utumwa ukifutwa mwaka wa 1865. Mwaka wa 1870 aliona katiba ya Marekani ikibadilishwa, na wanaume weusi wa Pennsylvania wakirudishiwa kura ambayo mume wake alinyang'anywa.

Huyo mama alibaki kushuhudia jibu. Mume wake alikufa miaka 28 kabla ya siku hiyo, katika nchi aliyokataa kuisaliti akiwa na miaka 15 na aliyokataa kuihama akiwa na miaka 50.